Milioni Moja na Moja Inagawanyika

Alhamisi. Roret, saa kumi na moja jioni.

Mvua ya mawe ilishuka saa nane mchana, kama dakika kumi tu, ikatoboa chai yangu mstari kwa mstari, kisha jua likatoka likaangaza kila kitu kana kwamba halikuhusika. Nimekaa barazani na kompyuta ya zamani aliyoniachia binti yangu Moraa. Kikombe kiko kando, chai imepoa na kufanya utandu. Kemunto, mke wangu, yuko jikoni na leo hasemi nami sana. Ana haki yake.

Leo naona haya. Naanza na hilo nisije nikalizunguka.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlipitia mikononi mwangu, katika ile shule ya sekondari ya harambee iliyo juu ya barabara. Mnakumbuka siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza. Kabla sijaita majina, niliandika ubaoni 1,000,001, nikaweka chaki chini, nikapangusa mikono. Nikawaambia kwamba hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila kuacha baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Nikawaeleza kwamba kama ingekuwa na namba ya kuigawa, mojawapo ingepatikana chini ya elfu moja, na kwamba nilikuwa nimezijaribu namba tasa zote zilizo chini ya elfu, zote mia moja sitini na nane, kwa mkono, na zote zilishindwa. Halafu nikasema maneno ambayo wengine wenu mmeyarudia katika harusi zenu: muwe kama milioni moja na moja. Dunia itawajaribu kwa kila namna. Msigawanyike.

Ilikuwa hotuba nzuri. Niliitoa kila mwaka mpaka nilipostaafu, na miaka michache iliyopita niliiandika tena katika blogu hii, mkanitumia mioyo na makofi.

Milioni moja na moja inagawanyika.

Jana asubuhi Bett, aliyekuwa mwanafunzi wangu na sasa ni mkandarasi mwenye tumbo na magari mawili, alinitumia picha kwenye simu. Wanafunzi wa zamani wamejenga darasa jipya na Jumamosi hii wanalifungua. Kwenye ukuta unaotazama lango, fundi amechora kwa penseli herufi zinazosubiri rangi: 1,000,001 HAIGAWANYIKI. Chini yake jina langu. Chini ya picha Bett ameandika kwamba ilikuwa wafanye siri mpaka siku yenyewe, lakini kamati imeogopa moyo wangu usije ukasimama kwa furaha.

Dakika chache baadaye akanitumia na ukurasa wa mtandao. "Mwalimu, kumbe namba yako ina ukurasa wake mzima huko. Sijasoma yote, lakini naona ni namba kubwa kweli kweli."

Mimi nilisoma yote.

Ni ukurasa mkavu, wa wale watu wanaozipanga namba kama karani anavyopanga faili. Mstari wa pili unasema kwamba 1,000,001 ni zao la 101 na 9,901. Hizo mbili ndizo tasa. Namba yangu inawekwa kwenye kundi la nusu tasa, zile zinazopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Baada ya hapo ukurasa unaendelea kuieleza kama daktari anayesoma majibu ya maabara. Husomeka sawa ukianzia kushoto au kulia. Ni pungufu, maana ukijumlisha namba zote zinazoigawa, ukiiacha yenyewe, unapata 10,003 tu, kama sehemu moja ya mia. Ukiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa moja na sifuri peke yake, tarakimu ya moja inatokea mara nane, na kwa kuwa nane ni shufwa, wataalamu kwa mzaha wao wameiweka katika kundi la namba ovu. Wala si namba ya furaha. Kwa hilo kuna kanuni: chukua kila tarakimu, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, rudia, ukifika kwenye moja, namba hiyo ina furaha. Nilijaribu kwa kalamu. Mbili, nne, kumi na sita, thelathini na saba, hamsini na nane, themanini na tisa, mia moja arobaini na tano, arobaini na mbili, ishirini, halafu nne tena. Haifiki kwenye moja. Itazunguka hapo milele.

Pungufu, ovu, isiyo na furaha. Niliweka simu kifudifudi juu ya meza.

Kuna jambo moja zuri katika ukurasa huo, na nitalisema kwa sababu namba haina kosa lolote, kosa ni langu. Milioni moja na moja ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: elfu moja mara elfu moja, ongeza moja mara moja. Ya pili imejificha: 980 mara 980 ni 960,400, 199 mara 199 ni 39,601, jumlisha. Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili za namna hiyo. Ikionekana na njia ya pili, basi imegawanyika mahali fulani ndani yake. Nilikaa na hilo muda mrefu. Mimi mwenyewe nina njia mbili za kwenda nyumbani, na nimewahubiria watoto wa watu maisha yangu yote kuhusu kutogawanyika.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nilizaliwa ng'ambo ya vilima, upande wa Kisii. Nilikuwa na miaka sita baba alipokuja kuchuma chai katika shamba kubwa huku Kericho, tukalala watu sita katika chumba kimoja cha nyumba za safu. Ndugu zangu walipogawana shamba la babu, hakuna aliyenikumbuka. Nilipouliza nikaonyeshwa ukanda wa kando ya mto ambao hata mgomba haukuutaka. Kwa hiyo nilipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa hapa Roret, miongoni mwa Wakipsigis, nilikuja kama mtu asiye na pa kurudi. Nilikuwa kijana mwenye suti moja. Nilijua kwamba wazazi wananitazama. Nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna mtu angeweza kunigawia au kuninyima.

Nikachagua namba. Moja huku, moja kule, sifuri tano katikati. Nilipoiona nilijiona.

Likizo moja ya Agosti nilikaa katika chumba cha walimu nikaanza kuigawa. Kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu. Nilifika themanini na tisa. Nilifika tisini na saba. Namba tasa ishirini na tano zilikuwa zimeshindwa, mvua ilikuwa inanyesha, mkono uliniuma, na moyoni nikasema yatosha. Nikafunga daftari.

Mia moja arobaini na tatu zilikuwa zimebaki. Niliwaambia watoto nimezimaliza.

Ile ya ishirini na sita, inayokuja mara tu baada ya tisini na saba, ni mia na moja.

Mwaka wa pili wa kufundisha nilikuwa na msichana darasani aitwaye Chelangat, binti wa Mzee Rotich. Mzee Rotich alikuwa mpimaji katika kituo cha majani, pale wakulima wadogo wanapopeleka chai iliyochumwa kungoja lori la kiwanda. Enzi hizo, kwa kila kilo mia za majani mabichi zilizoandikwa, kilo moja ya ziada ilitolewa kwa ajili ya uzito wa magunia na maji ya mvua. Mtu aliyetaka kuandikiwa mia alipeleka mia na moja. Aliyetaka mia mbili alipeleka mia mbili na mbili. Hakuna aliyenung'unika, ndivyo mambo yalivyokuwa, na watoto waliokulia kando ya mizani ile walihesabu kwa mia na moja kama wengine wanavyohesabu kwa kumi. Mimi, mtoto wa shamba kubwa ambako baba alipimiwa na msimamizi, sikulijua hilo.

Siku hiyo nilikuwa nimeirudia hotuba yangu mbele ya Kidato cha Pili, kwa sababu mkaguzi alikuwa anatarajiwa na nilitaka waikariri. Chelangat alinyoosha mkono. Alisimama wima, kama walivyofundishwa, akasema polepole, "Mwalimu, nimejaribu mia na moja. Imeingia."

Nilimwambia alete daftari. Alikuwa ameandika 9901 mara 101, safi kabisa, bila kufuta mahali popote. Sikuisoma. Nataka hili lieleweke: macho yangu yalipita juu yake na sikuisoma. Nilichokiona ni darasa la watoto arobaini, wenyeji wa mahali hapa, wakimtazama mgeni aliyekuja kuwafundisha akisahihishwa na mtoto wa mpimaji. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari kutoka kona hadi kona, nikaweka sifuri.

"Chelangat, hapa ni darasani, si kituo cha majani," nikasema. "Kwenu mnagawa magunia. Hapa tunagawa namba. Kaa chini."

Walicheka. Nilitaka wacheke.

Walimwita Gunia mpaka mwisho wa mwaka. Nililisikia jina hilo uwanjani, kwenye foleni ya chakula, mara moja hata kutoka mdomoni mwa mwalimu mwenzangu. Sikulikataza. Januari Kidato cha Tatu kilipofunguliwa, dawati lake lilikaliwa na mtu mwingine. Huenda kulikuwa na sababu nyingine, karo, ndoa, ugonjwa nyumbani. Sijui kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu nilihofia jibu.

Hilo ndilo kosa ambalo mngeweza kunisamehe. Kijana, mgeni, mwenye kiburi cha woga. Lakini bado sijafika kwenye lenyewe.

Alasiri ya siku ile ile, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilifungua daftari langu la zamani nikaifanya. Mia na moja kwenye elfu moja, mara tisa, baki tisini na moja. Teremsha sifuri: mia tisa na kumi, mara tisa, baki moja. Teremsha sifuri: kumi, haiingii. Teremsha moja: mia na moja, mara moja.

Baki sifuri.

Mistari minne. Mtoto wa darasa la sita angeimaliza kabla ya kengele. Na isitoshe, milioni ni mia mara mia mara mia, yaani mchemraba wa mia, na kanuni kwamba mchemraba ulioongezwa moja hugawanyika kwa namba yake ikiongezwa moja nilikuwa naijua tangu chuoni. Namba yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Nilifunga daftari kwa mara ya pili, na safari hii nilijua ninachokifunga.

Nilijua. Kila mwaka niliposimama ubaoni, nilijua. Niliwaambia watoto wa watu kitu nilichojua ni uongo, kwa sababu kukiri kungekuwa kukiri kuhusu yule msichana.

Tena kuna jambo la baada ya hapo. Ule mwaka wa machafuko ya ukabila, sisi wa kutoka ng'ambo ya vilima tuliondoka na nguo tulizovaa. Mimi, Kemunto na watoto tulikaa miezi saba katika uwanja wa kanisa upande wa pili wa vilima, na niliamini vitabu vyangu vimekwisha kuwa majivu. Niliporudi, Mzee Rotich alinijia na punda wawili. Alikuwa ameingia nyumbani kwangu siku ya pili, akavitia vitabu vyangu vyote kwenye magunia ya chai, akavipeleka kwake, akaviweka darini juu ya moto. Aliniambia tu kwamba vilikuwa vimenyeshewa kidogo, na kwamba nivihesabu. Vilikuwa vyote. Mpaka leo ukifungua kitabu chochote katika nyumba hii utasikia harufu ya majani mabichi na moshi.

Katika magunia. Nilipokea, nikamshukuru, na sikusema neno.

Rotich alifariki miaka mingi iliyopita. Nilikwenda kwenye mazishi. Nilisimama nyuma.

Jana, basi, baada ya kusoma ule ukurasa, nilifanya nini? Nilianza kumwandikia Bett ujumbe. Nilimwandikia kwamba ingependeza zaidi ukutani tuweke mstari wa Biblia, kwamba mimi ni mzee na sitaki kutukuzwa, kwamba sifa zote ni za Bwana. Niliupenda ujumbe huo. Nilimsomea Kemunto leo asubuhi tukinywa chai.

Kemunto amekaa nami miaka arobaini na nane. Aliniuliza kwa nini mtu aliyeringa na namba moja maisha yake yote anaikimbia ghafla. Nikamwambia. Alikuwa hajawahi kulisikia, hata kipande. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasukuma kikombe chake pembeni.

"Baba Moraa," akasema, "sasa unamfanya Mungu pazia?"

Akaondoka mezani. Ndiyo maana nasema ana haki yake.

Nikafuta ujumbe. Nikachukua kapu, nikachuma mistari miwili bila kuiona, nikaenda kituo cha majani. Ningeweza kuwatuma wachumaji. Nilikwenda mwenyewe kwa sababu nilijua nani yuko pale.

Chelangat sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kituo. Ana wajukuu saba na miwani iliyofungwa kwa uzi. Vijana humwita Kogo, yaani nyanya. Mimi humwita Mama Kiprono, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwa miaka hii yote tumesalimiana kwa heshima, chamgei, chamgei mising, habari ya nyumbani, mvua imekuja, mvua imekataa. Asubuhi hii alikuwa ameinama juu ya meza ya kuchambulia, akitupa mashina marefu. Lori lilikuwa halijafika na watu wengine walikuwa wamekaa mbali kidogo, kwenye jua.

Nilimwaga kapu langu. Alichukua konzi moja, akaitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, majani yako leo yana miguu mirefu. Ulikuwa unachuma ukiwaza nini?"

"Nawaza milioni moja na moja."

Mikono yake haikusimama. "Hiyo iligawanyika zamani," akasema.

Nikamwambia kwamba nilijua. Nikamwambia si kwamba nimejua jana, wala kwamba nimezeeka nikagundua. Niliifanya siku ile ile, alasiri ile ile, nikapata kama yeye, nikanyamaza. Nilisema haraka kama mtu anayekunywa dawa chungu. Nilitarajia ashangae. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kuuona mshangao wake, na pengine hilo lingenipa nafuu kidogo.

"Najua," akasema.

Alitupa shina moja, akachukua lingine.

"Baba alipoleta vitabu vyako, mimi nilikuwa nimekuja kumsaidia. Vilikuwa vimeloa. Nilivianika kimoja kimoja, nikifungua kurasa zisigandane. Kuna daftari moja la kijani. Nikaiona hapo. Mia na moja, baki sifuri. Na tarehe."

Mwanamke huyu, wakati huo mama wa watoto watatu, alikuwa ameishika mikononi hati ya uongo wangu, mbele ya moto, katika mwaka ambao hakuna mtu angemuuliza kitabu kimoja kimekwenda wapi. Alikianika. Akakirudisha.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama ni mimi niliyemtoa shuleni.

"Watu wanafikiri niliacha kwa sababu nilikosa," akasema. "Ningekosa, ningerudia. Niliacha kwa sababu nilipata, Mwalimu. Nikaona kama mwenye chaki hataki, kupata na kukosa ni kitu kimoja. Sasa unasomea nini?"

Nikaomba msamaha. Macho yangu yalinisaliti, niseme ukweli, na nikainama juu ya meza ili wale wa kwenye jua wasione.

"Usilie juu ya majani," akasema. "Yatapimwa na maji."

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka, na kwa nukta moja alikuwa na miaka kumi na sita. Kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, na kicheko kikamtoka usoni.

"Msamaha wa hapa ni rahisi. Hapa tuko wawili na lori halijafika. Kule ulisema mbele ya watu arobaini."

Nikamwambia Jumamosi wengi wao watakuwepo. Nikamuuliza kama atakuja.

"Sijaalikwa. Walioalikwa ni waliomaliza."

Lori likafika. Akaenda kusimamia mizani.

Nilirudi nyumbani kabla ya mvua ya mawe. Sanduku liko chini ya kitanda. Daftari la kijani liko chini kabisa ya sanduku, mahali nilipoliweka mwenyewe niliporudi, bila kulifungua, kwa sababu nilijua kilichomo. Sijalifungua tangu siku ya kulifunga. Leo nililifungua.

Kurasa zimejikunja kwa maji na kugeuka rangi ya chai. Tatu, saba, kumi na moja, mpaka tisini na saba. Halafu kurasa chache tupu, kana kwamba nilitaka kuacha nafasi kati yangu na jambo lile. Halafu ile mistari minne na tarehe.

Chini ya sifuri ya mwisho kuna alama ya vema.

Si yangu. Siku zote niliandika kwa wino mweusi na kusahihisha kwa mwekundu. Hii ni ya bluu, ndogo, imeanza chini na kupanda kwa mkono usiotetemeka, kama anavyoweka mwalimu mzuri ambaye hana haja ya kumtisha mtu. Hakuandika neno lolote. Alikuta mtu amepata, akampa alama yake.

Mimi nilimpa sifuri.

Nimekaa na daftari hilo magotini tangu mawe yalipoacha kuanguka. Kemunto alitoka jikoni, akalitazama kutoka juu ya bega langu, akaiona ile alama ya bluu. Hakuuliza ni ya nani. Alichukua kikombe kilichopoa na kwenda nacho ndani. Nadhani anaipasha chai moto.

Nimemwandikia Bett. Nimemwomba fundi asifungue rangi. Nimemwambia kwamba kama bado wanataka namba ukutani, waandike 1,000,001 = 101 × 9,901, na jina langu walifute. Nimemwomba aongeze mgeni mmoja kwenye orodha, Chelangat wa Rotich, wa Kidato cha Pili, na nimemwambia kwamba kadi yake nitaipeleka mimi kwa mkono wangu, kesho, kituoni, mbele ya wote watakaokuwa wakingoja lori. Akija ni sawa. Asipokuja pia ni haki yake. Mimi Jumamosi nitasimama mbele ya ubao na nitaisema yote, kuanzia Agosti ile mpaka leo, na jina la Gunia nitalitaja, na nitasema nani alilianzisha.

Bett amejibu kwa neno moja: "Kwa nini, Mwalimu?"

Nimemwambia asome hapa.

Andiko hili sijaliweka bado mtandaoni. Naogopa, na haya nayo ni kubwa kuliko woga. Mnaposoma hotuba ile mliyoipenda, kumbukeni mliipokea kutoka kwa mtu aliyeijua ilivyo. Wengine wenu mmeirithisha kwa watoto wenu. Samahanini. Si namba iliyowadanganya.

Kidole kiko juu ya kitufe, na kimesimama kama kalamu ilivyosimama siku ile ya mvua katika chumba cha walimu. Mkono unaniuma kwa namna ile ile. Ndani yangu kuna sauti inayosema yatosha, umefika mbali, funga.

Nilifika tisini na saba nikafunga. Inayofuata ni mia na moja.